Kutia nanga boti ndogo ya uvuvi bila kugombana na watu wa boti za matanga

Boti yako ina mita 5, sawa. Ila ukishatia nanga haina mita 5 tena bwana. Mbele kuna kamba mita 50 na kitu, nyuma mishipi imetawanyika na mkondo, na boti yenyewe inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Sasa huyu mtu wa matanga anayekuja haoni yote hayo, anaona kiboti kimoja na watu wawili wameinama. Ugomvi mwingi ninaouona majini unaanzia hapo, we unajua umekalia maji kiasi gani na yeye hajui, afu kila mtu anapiga kelele. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kazi mbili, nanga ishike, na mwenzako aelewe umekaaje.

Hatua ya 1: Vifaa, kabla hujaacha ufukwe

Nanga iendane na chini ya maji unapovulia. Kwenye mchanga na tope, nanga ya sahani mbili bapa zinazojichimbia inashika sana hata kama ni nyepesi. Kwenye mawe, nanga ya makucha manne ndo yenyewe, na makucha yakiwa ya chuma laini kinachokunjuka ukivuta kwa nguvu ni bora zaidi maana itatoka. Jiwe lililofungwa kamba linafaa maji yakiwa yametulia na wewe uko macho, upepo ukikaza jiwe linatembea tu.

Watu wanabana sana kwenye mnyororo. Weka mnyororo walau urefu wa boti yako kati ya nanga na kamba. Mnyororo unailaza nanga chini ivutwe kwa ulalo, bila huo kila wimbi likiinua omo (mbele ya boti) na nanga inainuliwa pua. Tena kamba tupu ikisugua mwamba inakatika.

Kamba yenyewe iwe nailoni, inavutika kidogo na kumeza mshtuko wa wimbi, na inazama. Zile kamba za plastiki zinazoelea ni rahisi kupata lakini mi sizipendi kabisa kwa nanga. Upepo ukilala kamba inalegea, inaibuka juu, inaogelea pembeni ya boti kama nyoka, na hapo ama inaingia kwenye panga la injini yako au inanasa usukani wa jirani.

Mengine ya kubeba: boya moja kubwa la kuachia (nitalieleza mbele), kisu chenye makali kilichofungwa karibu na omo, si kwenye begi chini ya nyavu, firimbi, tochi ya nguvu, ndoo ya kufulia maji (kuyatoa botini), na laifu jaketi za watu wote. Mwisho wa kamba ufunge kwenye boti KABLA ya kurusha nanga. Unacheka, lakini nanga ngapi ziko chini huko na kamba zake zote sababu mtu alisahau hili.

Hatua ya 2: Chagua pa kukaa

Kwanza ondoka kwenye mlango wa meli, yaani ile njia nyembamba ya kina iliyowekewa maboya. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zinasema chombo kiepuke kutia nanga kwenye njia nyembamba kama hali inaruhusu, na mvuvi asimzibie njia chombo chochote kinachopita humo. Najua samaki wanapenda ukingo wa mlango, basi kaa nje ya ukingo na hesabu kwamba ukizunguka hutaingia ndani. Kwenye maziwa na mito mara nyingi kuna kanuni za pale pale, ulizia.

Boya la kuongozea vyombo usilifunge kamba, hata kwa dakika tano. Boti inalifunika, wengine hawalioni, na wanalihitaji kuliko unavyolihitaji wewe.

Afu kaa dakika mbili injini ikiwa taratibu uangalie watu wa matanga wanaendaje siku hiyo. Boti ya matanga haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, inapiga bisha, inakwenda kulia inapindua, inakwenda kushoto inapindua, kila upande ni kama nyuzi 45 kutoka kwenye upepo. Ukiwaangalia kidogo utaona wanapindulia wapi, mara nyingi ni karibu na kina kifupi au karibu na rasi. Usikae hapo wanapopindulia, wakati wa kupindua chombo kinapoteza mwendo na usukani haushiki vizuri.

Ukiona maboya makubwa ya rangi mawili matatu yamekaa peke yao na boti nyingi zinazunguka zunguka bila kwenda popote, kuna mashindano. Kisheria kushindana hakumpi mtu haki ya ziada majini, anafuata sheria ile ile kama kila mtu. Lakini kukaa katikati ya mstari wao wa kuanzia ni kujitafutia, mishipi yako itakatwa na hutamjua nani kaikata. Sogea mita 300 pembeni, samaki hawajui kama kuna mashindano.

Hatua ya 3: Hesabu ya kamba

Hapa ndo penye kiini, tulia.

Pima kina kwa bildi (kamba yenye uzito) au kipima kina kama unacho. Jumlisha urefu kutoka maji hadi pale kamba inapofungwa kwenye omo. Jumlisha maji yatakayoongezeka mpaka yajae, na siku za bamvua (maji makubwa) ongezeko ni kubwa kuliko siku za maji mafu. Jumla hiyo zidisha mara 5 kwa hali ya kawaida, mara 7 upepo ukiwa na nguvu.

Mfano: kina mita 8, omo nusu mita, maji yatapanda mita 3. Jumla 11.5. Mara 5 ni mita 57 na nusu. Mara 7 ni mita 80 na nusu. Ndiyo, kwa boti ya mita 5.

Kwa kuvua kwa muda wa saa moja mchana, maji yametulia na unaangalia, wengi tunatoa mara 3 na mambo yanaenda. Ila jua kwamba hapo unashikwa na bahati kidogo, upepo ukibadilika ongeza kamba mara moja.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa jirani. Kamba mita 57 na boti mita 5, ukizunguka duara lako ni zaidi ya mita 100 kutoka ukingo mpaka ukingo. Kwa hiyo ukiona boti za matanga zimelala kwenye nanga zao, usijibane katikati kwa sababu sasa hivi pana nafasi. Hazizunguki kama wewe. Boti yenye mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu inafuata mkondo, kiboti chepesi kinafuata upepo, na maji yakigeuka na upepo ukivuma kinyume utashangaa tezi yako (nyuma ya boti) iko ubavuni kwa mtu amelala. Halafu wengi wao wanatumia mnyororo mtupu, duara lao ni dogo kuliko lako. Anayekuja mwisho ndo anayetakiwa kusogea, usibishane.

Hatua ya 4: Kushusha

Njoo taratibu ukiuelekea upepo, au mkondo kama ndo wenye nguvu zaidi. Pitiliza kidogo sehemu unayotaka kuvua, maana boti itarudi nyuma kwa urefu wa kamba. Simamisha mwendo kabisa. Shusha nanga kwa mkono mpaka iguse chini, usiirushe kama unatupa jembe, ukirusha mnyororo unaiangukia nanga na kuifunga makucha. Acha boti irudi nyuma huku unatoa kamba pole pole. Ukifika theluthi moja ya kamba ishike kidogo nanga ianze kuuma, afu endelea mpaka urefu uliopiga hesabu.

Majani ya bahari na matumbawe yaache. Kwenye majani nanga inateleza juu tu, kwenye matumbawe inavunja makazi ya samaki wenyewe unaowafuata afu inanasa. Tafuta kijisehemu cha mchanga, maji yakiwa safi unaona kama doa jeupe.

Na ufunge OMO. Siyo tezi, hata kama kwenye tezi ndo panakaa vizuri kuvulia. Mi nilifanya ujinga huo mara moja, mkondo ulikuwa mdogo nikasema dakika ishirini tu, kamba nikaifunga nyuma pembeni ya injini. Nyuma ya boti ndogo ndo sehemu ya chini kuliko zote na pana uzito wa injini na watu. Maji yalipoanza kutoka kamba ilikaza, tezi ikavutwa chini, wimbi la boti iliyopita mbali huko likaingia lote, la pili likaingia juu yake. Kamba imekaza hata fundo halifunguki. Kisu kilikuwa kwenye begi. Nililipata begi linaelea, sijui ni bahati gani, nikakata, tukafua maji kwa kofia. Toka siku hiyo kisu kiko omo.

Hatua ya 5: Hakikisha imeshika

Shika kamba kwa kiganja mbele ya omo. Nanga iliyoshika, kamba inakaza na kulegea kwa upole. Inayoburuta inatetemeka, inagonga gonga, unaisikia kabisa mkononi kama gari kwenye barabara ya kokoto. Pia tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mnazi mbele ya paa, nguzo mbele ya kilima, chochote, tena ubavuni mwa boti. Vikiachana na havirudi, unatembea. Rudia kila mara upepo au mkondo unapogeuka.

Hatua ya 6: Jionyeshe

Mchana, chombo kilichotia nanga kinaonyesha tufe moja jeusi mbele. Usiku, taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Sheria inakusamehe kama boti yako ni chini ya mita 7 na hujakaa ndani au karibu na njia, sehemu ya kutia nanga au mahali vyombo vinapopita kawaida. Lakini kama unasoma mwongozo huu maana yake unavua wanapopita watu, kwa hiyo huo msamaha sahau, washa taa.

Taa nyekundu na kijani za kutembelea zizime ukiwa kwenye nanga, ukiziacha mwenzako anaona chombo kinachotembea na atakukwepa kwa hesabu mbovu. Taa kali za kuvutia samaki zielekeze chini majini. Zikimpiga baharia machoni anakuwa kipofu kwa dakika kadhaa na anakuja upande wako akiwa hivyo hivyo.

Usiku huo huo, boti inayokwenda kwa matanga tu haina ile taa nyeupe ya mbele ya mlingoti ambayo chombo cha injini kinayo. Utaona nyekundu au kijani, pengine juu kabisa ya mlingoti. Ukiona zote mbili kwa pamoja, pua yake iko kwako. Mulika tochi kwenye matanga yake au ubavu wa boti yako ajue uko hapo.

Hatua ya 7: Mtu wa matanga anakuja

Kwanza haki. Watu wengi wanaamini mvuvi ana haki siku zote. Nusu kweli. Kwenye sheria ile ya 1972, chombo cha matanga kinatakiwa kumpisha chombo kinachovua, lakini anayehesabiwa ANAVUA ni yule mwenye nyavu, kaputi (mshipi mrefu wenye ndoana nyingi) au zana nyingine inayomzuia asigeuke kirahisi, na aonyeshe alama yake, usiku taa nyekundu juu ya nyeupe, mchana koni mbili zilizogusana ncha. Mtu anayekokota mishipi huku injini inatembea, yeye ni chombo cha injini na anatakiwa kuipisha boti ya matanga. Ukiwa kwenye nanga ni kitu kingine, anayetembea ndo anayemkwepa aliyesimama. Na boti ya matanga iliyowasha injini, hata matanga yakiwa juu, ni ya injini. Ukiona maji yanatema nyuma jua hivyo.

Haya, amekuja. Utajuaje kama anakupita au anakugonga? We umesimama, kwa hiyo ni rahisi kuliko kwa mtu anayetembea: angalia kilicho nyuma yake nchi kavu. Akiwa anatambaa mbele ya miti, mara mti huu mara ule, anakupita. Akikaa mbele ya mti mmoja huku anakuwa mkubwa, anakuja kwako moja kwa moja. Boti ya matanga ya kawaida inakwenda kama kilomita 10 kwa saa, yaani mita 160 na zaidi kila dakika. Ukimwona mita 500 una dakika tatu. Si nyingi ukiwa na mishipi minne chini.

Kumbuka huenda hakuoni kweli, wala si dharau. Lile tanga la mbele likilala upande wa demani (upepo unakokwenda) linaziba karibu upande mzima, na nahodha amekaa joshi (upepo unakotoka) anaangalia upepo. Anza mapema. Simama (ukiwa salama), inua mikono, piga firimbi. Milio mifupi mitano mfululizo maana yake sielewi unafanya nini au sidhani unakwepa vya kutosha, mabaharia wanaijua.

Sasa muonyeshe pa kupita, hapa ndo wavuvi tunakosea, tunapunga mkono kwa hasira tu na mtu haelewi aende wapi. Mkono mmoja uelekeze kamba yako ya nanga mbele, mkono mwingine mpe njia nyuma ya tezi. Kwa kawaida apite nyuma. Kupita mbele ni kubaya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkondo unamsukuma kwenye kamba yako, na upepo ukilegea hana njia ya kutoka, ataishia amelala juu ya omo yako. Ya pili, kamba haizami haraka kama unavyofikiri. Kwa mara 5 ikiwa imekaza, kila mita 5 kwenda mbele inashuka mita 1 tu. Mkuku wa mita 2 unainasa kirahisi kama akipita mita 10 mbele yako. Dawa: ning'iniza uzito wa kilo 3 hadi 5 kwenye kamba mita chache mbele ya omo, unaizamisha na tena nanga inavutwa kwa ulalo mzuri zaidi.

Na ukimpeleka nyuma, vuta mishipi. Mkondo ukiwa mkali mshipi wako hauko chini ya boti, uko mita 30 nyuma na karibu na juu. Huwezi kumwambia pita nyuma halafu umtukane kwa kukata mshipi. Ukishindwa kuivuta kwa wakati, iachie ilegee izame apite juu yake. Nyavu ni hivyo hivyo, kamba inayounganisha boya na boya isielee, ifunge vizito. Zana zikitoka zaidi ya mita 150 kutoka kwenye boti sheria inataka uonyeshe upande ziliko, mchana koni ncha juu, usiku taa nyeupe.

Akipita salama mpungie mkono. Mtu uliyempungia leo kesho anakuja na njia nyuma yako bila kuambiwa, nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa boti fulani tunapishana bila hata firimbi.

Hatua ya 8: Kuachia haraka

Lile boya kubwa la hatua ya 1. Lifunge kwenye kamba ya nanga karibu na omo, na kamba ishikiliwe kwenye boti kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Kwa kuwa mwisho wa kamba umeufunga ndani, ufungue nao, fanya mazoezi ya mambo hayo mawili siku ya utulivu. Chombo kikija na hakikwepi, unaachia, kamba inaondoka na boya, we unarudi nyuma na mkondo au unawasha injini unatoka. Akishapita unarudi unaokota boya, uko pale pale kwenye samaki wako. Ikishindikana, kata. Nanga inanunulika.

Usisogeze boti kwa injini kabla hujajua kamba iko wapi. Ikiingia kwenye panga wakati kuna mtu anakuja umekwisha, huwezi kwenda wala kuachia.

Hatua ya 9: Kung'oa

Sogea mbele taratibu kwa injini huku mwenzako anavuta kamba iliyolegea, mpaka kamba isimame wima. Mara nyingi inatoka hapo. Ikigoma usifunge kamba fupi halafu ukasubiri wimbi liivute, boti ndogo inavutwa pua chini. Toa kamba kidogo, zunguka pole pole uivute kutoka upande wa pili, kule ilikoingilia.

Kwa sehemu za mawe kuna ujanja mzuri: mnyororo ufunge kwenye kitako cha nanga (upande wa makucha), afu uulaze juu ya mti wa nanga (ule mhimili wake mrefu) na kuukaza kwenye tundu la juu kwa uzi mwembamba. Siku za kawaida inavutwa kwa juu kama nanga yoyote. Ikinasa unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inavutwa kwa kitako na inatoka kinyumenyume. Ila usitumie ujanja huu kama utalala hapo usiku, uzi unaweza kukatika wakati hutaki.

Kabla nanga haijaachia chini, inua kichwa uangalie pande zote, mpaka tezini kabisa. Watu wanavuta nanga wameinama, macho kwenye kamba, na pale inapoachia boti inaanza kwenda na mkondo. Kuanzia sekunde hiyo hujatia nanga tena na huvui tena, wewe ni chombo cha injini, na ile boti ya matanga uliyoipungia njia ya nyuma asubuhi sasa ndiyo unayotakiwa kuipisha.